Mtu Ajuaye Karatasi

Mwandishi wa kitabu hujulikana, na mchapaji naye jina lake hupigwa ndani ya jalada. Lakini kati ya hawa wawili yupo mtu wa tatu ambaye haandikwi popote: yule aliyeagiza kazi, akachagua karatasi, akajadili bei, akakagua nakala ya majaribio na hatimaye kutia saini ya kupokea mzigo. Katika nchi za viwanda, mashirika makubwa ya vitabu na ya matangazo huajiri mtu kwa kazi hiyo peke yake. Kwetu Tanzania kazi hii imejificha ndani ya cheo cha Ofisa Ugavi, ambaye asubuhi hununua matairi, adhuhuri sabuni, na jioni vitabu vya mahudhurio.

Katika miaka ya tisini nikiwa mwalimu mkuu, nilifanya kazi na bwana mmoja wa ugavi ambaye sitamtaja jina. Tuliagiza nakala 1,000 za kijitabu cha mazoezi ya hisabati: kurasa 160, ukubwa wa A5, karatasi ya gramu 80. Mzigo ulipofika, majalada yaling'aa, hesabu ilitimia, na ankara ilikuwa na mihuri yote. Yeye alifungua kitabu kimoja, akausugua ukurasa kwa vidole, kisha akasema, "Mwalimu, naomba mizani ya stoo ya chakula."

Akabandua majalada ya vitabu 10, akavipanga juu ya mizani. Hesabu yake ilikuwa rahisi, hata mtoto wa darasa la sita angeiweza. Kurasa 160 ni karatasi 80 za A5, yaani karatasi 40 za A4. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5. Basi kitabu kimoja bila jalada ni gramu 200, na vitabu 10 ni kilo 2. Mizani ilisimama kwenye kilo moja na robo tatu.

"Hii ni ya gramu 70," akasema. "Makaratasi yako sawa, Mwalimu. Karatasi yenyewe ndiyo siyo."

Kwa nakala 1,000, kilo 25 za karatasi zilikuwa zimelipiwa lakini hazikuletwa. Mzigo ulirudishwa ukachapwa upya. Baadaye aliniambia kwamba bahasha ilikuwa imefika mezani kwake, naye akairudisha ilivyokuja. Mtu huyohuyo alikuwa na watoto wawili shuleni kwangu, na kila muhula alikuja ofisini, kofia mkononi, kuomba alipe ada kwa mafungu.

Hapo ndipo penye swali langu. Mshahara wa serikali hufuata cheti. Ofisa Ugavi mwenye shahada huanzia ngazi ya TGS D, kama vile mwalimu mwenye shahada aanziavyo TGTS D. Vidole vinavyotambua gramu 70 havina ngazi yake. Upande wa pili yupo dalali wa uchapaji, ambaye hana mshahara kabisa. Riziki yake ni tofauti kati ya bei ya mchapaji na bei anayokutajia wewe. Si lazima awe mwizi, na wengine wanaijua kazi barabara. Lakini kila kilo ya karatasi atakayoipunguza, yeye ndiye atakayenufaika.

Serikali imejitahidi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ilitungwa mwaka 2001, ikatungwa upya 2004, 2011 na 2023. Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na sasa zabuni hupita katika mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Hayo ni mema. Hata hivyo, kompyuta hulinganisha bei na nyaraka. Haisugui karatasi kwa vidole.

Wapo wasemao kwamba uaminifu haununuliwi kwa mshahara. Nakubali, kwa kuwa nimeuona bila kununuliwa. Lakini, msomaji wangu, uaminifu huchoka. Mtu aokoaye fedha ya umma mchana, na usiku akawaza ada ya mwanawe, tunamtia katika jaribu kila mwezi. Na siku akianguka tunajifanya kushangaa.

Mimi ningependa mnunuzi wa namna hii apelekwe kiwandani majuma machache, ajifunze karatasi, wino na ukunjaji, kisha ujuzi huo uhesabiwe katika mshahara wake kama tunavyohesabu cheti. Gharama yake haitazidi ile ya karatasi tunayoilipia bila kuipokea. Na kwa kuwa kitabu hiki nakilipia kwa kiinua mgongo changu, mchapaji wangu nimekwisha kumwarifu: siku ya mzigo nitakuja na mizani.