Mama Mugaya wa Butiama

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hili hutamkwa kila siku katika nyumba za askari na za raia, lakini ni mara chache watu huketi wakapima uzito wake. Vitabu vya historia vimejaa majina ya wakuu, vita na mikataba. Jina la mwanamke aliyechota maji, akapalilia shamba na kusaga nafaka ili mkuu huyo apate kukua, hutajwa kwa mstari mmoja tu, kisha ukurasa ukafunuliwa. Ni haki basi kumkumbuka mmoja wao aliyeishi zaidi ya miaka mia: Mama Mugaya Nyang'ombe wa Butiama, mamake Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1892 katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Victoria, wakati utawala wa Wajerumani ulipokuwa ndio kwanza unaenea. Mwaka 1907, akiwa binti wa miaka 15, aliolewa na Burito Nyerere, ambaye mwaka 1915 alifanywa chifu. Mugaya alikuwa mke wa tano, na jumla ya wake wa chifu huyo ilifika 22.

Msomaji wa leo akisikia habari ya mke wa chifu huenda akadhani kwamba alikaa kitako akihudumiwa. Sivyo ilivyokuwa. Nyumba za wake zililizunguka zizi la ng'ombe, na katikati yake ilisimama nyumba ya mviringo ya chifu mwenyewe. Heshima ya bwana ilikuwa ya wote, lakini chungu kilichokuwa jikoni kilimtegemea mwenye jiko. Mugaya alizaa watoto wanane, wavulana wanne na wasichana wanne, na wawili kati ya hao walifariki wangali wachanga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliyemzika mtoto hujua pia kwamba wale walio hai watataka chakula jioni ile ile.

Tarehe 13 Aprili 1922 alimzaa mtoto ambaye kwanza aliitwa Mugendi, kisha akapewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la pepo wa mvua. Mtoto huyo alikulia katika nyumba ya mamake. Alimsaidia katika kilimo cha mtama, mahindi na muhogo, na pamoja na wenzake alichunga mbuzi na ng'ombe. Kabla mwalimu yeyote hajampa ubao na chaki, alikuwa amekwisha kufundishwa kwamba chakula hutoka katika jasho, na kwamba anayekula bila kulima anakula jasho la mwingine. Watu waliomwona miaka mingi baadaye akishika jembe, naye ni Rais, walistaajabu. Ajabu haikuwako: somo hilo alilipata nyumbani.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge huko Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka nyumbani. Mwaka 1937 akaenda Tabora. Alipokuwa bado huko, mwaka 1942, Chifu Burito alifariki dunia, na Mugaya akawa mjane mwenye umri wa miaka 50. Kwa desturi za wakati ule, kijana mwenye nguvu alikuwa ndiye mikono ya mamake aliyefiwa. Angeweza kuitwa arudi ashike jembe na mifugo, wala hakuna ambaye angemlaumu mama. Lakini mwaka 1943 kijana huyo alivuka mpaka akaingia Makerere, hapo Kampala, na mwaka 1949 akaenda hata Scotland, akarudi mwaka 1952. Kila mara alirudi, na kila mara aliondoka tena. Wenye kuhesabu shahada huhesabu miaka ya mwanafunzi. Miaka ya mama anayebaki haihesabiwi.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Mama aliyezaliwa chini ya Wajerumani, akaishi chini ya Waingereza, sasa alikuwa mzazi wa Waziri Mkuu wa nchi huru, na baada ya mwaka mmoja, wa Rais. Yeye mwenyewe hakushika cheo chochote cha serikali. Tena mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, bibi huyu wa miaka 86 alikuwa mama wa amiri jeshi mkuu. Vita vilipokwisha mwaka 1979, kulikuwa na akina mama wenye kulia Tanzania na wenye kulia Uganda. Bunduki haiulizi mama wa askari anakaa upande gani wa mpaka.

Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais, akarejea Butiama kulima. Mtoto alikuwa na miaka 63, mama miaka 93. Heri mtu ambaye kichwa chake kimejaa mvi na bado yuko wa kumwita "mwanangu". Heri hiyo ilidumu hadi mwaka 1997, Mama Mugaya alipofariki akiwa na miaka 105 hivi, baada ya ujane wa miaka 55. Mwanawe alimfuata upesi: alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama, karibu na makaburi ya wazazi wake. Nyumba kubwa aliyojengewa huko na Jeshi la Wananchi wa Tanzania alikuwa ameikaa kwa siku chache tu.

Miaka ya Mama Mugaya inajulikana kwa sababu mwanawe alikuwa mtu mashuhuri. Akina mama wengi waliofanya kazi ile ile wameondoka na habari zao zote, kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Askari aliye kambini mbali na kwao hupeleka fedha na sukari, na hayo ni mema. Lakini likizo ijayo na akae karibu na mamake, amwulize alizaliwa wapi, aliolewaje, alizika watoto wangapi na alilima nini mwaka wa njaa, kisha aandike. Sifa nyingi husemwa kando ya kaburi, mahali ambapo mwenyewe hazisikii. Mama aliye hai azisikie sasa, angali na masikio ya kusikia na kinywa cha kujibu.