Spika ya Redio ya Baba

Nilipokuwa na miaka 8 niliifungua redio ya baba bila ruhusa, nikimtafuta mtu anayesema ndani. Nilikuta spika tu: nyuma sumaku nzito, mbele koni ya karatasi iliyogundishwa koili ya waya mwembamba. Sumaku ikaivuta bisibisi yangu, ikaniponyoka, ikatoboa koni. Jioni ile taarifa ya habari ilikoroma.

Baba hakunipiga. Aliniketisha akasema, "Mwanangu, sumaku hii ni ya kudumu, haigeuki. Koili huwa sumaku pale tu umeme unapopita, na umeme ukigeuka, ncha zake nazo hugeuka. Basi mara inavutwa, mara inasukumwa. Koni inatikisika, inatikisa hewa, nasi tunasikia sauti."

Nikamwuliza: je, zote mbili zingekuwa za kudumu? Akacheka. "Koili ingeganda mahali pamoja, na redio ingekuwa bubu."

Baba ametutoka. Katika ujana wangu niligeuka kila kukicha, naye alibaki palepale. Nilimwita mkaidi. Tulivutana na kusukumana miaka mingi, na sauti niliyo nayo leo ilitoka hapo.