Tangi Juu ya Paa

Jumatatu, 8 Mei 2023

Mvua tena. Masufuria yote yako ghorofani yanakinga maji, chakula cha mchana tumepikia birika. Na michoro ya matengenezo ya nyumba imerudi kutoka kwa wanaotoa kibali. Wino mwekundu kila pahala: sakafu ya zege, hapana. Madirisha ya alumini, hapana. Tangi la lita 2,000 juu ya paa, hapana, na hapo mstari umepigwa mara mbili. Mama anasema tangu 2000 Mji Mkongwe ni urithi wa dunia nzima, ila maji yanayovuja ni yetu peke yetu.

Dada kapiga simu kutoka Maskati. "Pesa nimeshatuma, mnangoja nini?" Kibali. Akacheka kile kicheko chake.

Alhamisi, 11 Mei

Fundi kaja. Mzee, hana haraka na mtu. Kagonga ukuta wa jikoni kwa kifundo cha kidole, ukalia utupu. Ile lipu ya saruji ya zama za Baba. Akabandua kipande kwa mwiko: nyuma yake majimaji, chumvi nyeupe, na jiwe linameguka kama sukari guru.

"Jiwe la bahari hili. Chokaa inaliacha likauke. Saruji inalifungia maji ndani."

Na zege? Akaniangalia tu. Kisha akanyoosha mkono darini: ukuta huu umezoea boriti, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Kumbe ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba hivi! Bibi alikuwa akisema mjenzi alikuwa bahili.

Jumamosi, 13 Mei

Sawa, chokaa. Lakini chokaa hulowekwa, ikaachwa, ikangojwa. Boriti za mikoko zitafutwe, na mikoko nayo ina sheria zake. Saruji iko dukani, mfuko unabebwa begani. Kanuni inaniambia nisifanye nini, bei ya kufanya vingine haiisemi. Nimekasirika. Na ile hoteli ya nyuma, viyoyozi vimetokeza kila dirisha, wao walimwonyesha nani michoro yao? Basi, nilale.

Jumatano, 17 Mei

Mkaguzi kapanda mpaka juu. Binti mdogo, kavua viatu mlangoni, kampa Mama shikamoo yake. Kapima, kapiga picha nyufa, kauliza ukuta wa kushoto ni wetu au wa jirani. Wa wote wawili. Akaandika. "Kwa hiyo mkiuelemea nyinyi, unamwangukia yeye." Lita 2,000 ni tani mbili, akasema, tangi lenyewe sijalihesabu.

Mama hakukubali kushindwa: "Na Beit el-Ajaib je? Nyumba ya 1883, ya Sultani, mafundi wamo ndani wanaitengeneza, sehemu yake ikaanguka Krismasi ya 2020. Haikuwa na wakaguzi?"

Kimya. Nikaona haya mimi.

"Ndiyo maana nimepanda mpaka juu, Mama."

Akaletewa chai. Akanywa vikombe viwili.

Jumapili, 21 Mei

Mchoro mpya: madirisha ya mbao, boriti, lipu ya chokaa. Tangi limeshuka uani, na pampu ndogo. Mchoraji anadai malipo mengine, bila shaka. Nimemtumia Dada picha.

"Pampu! Na umeme ukikatika?"

Nimemjibu: ndoo.

Kasoma. Hajaandika kitu.