Chumvi Isiyopita Machozi

Msomaji wangu, nataka kukusimulia kosa nililolifanya usiku mmoja huko Kayole, mashariki ya Nairobi, nilipokuwa mwalimu kijana. Kosa lenyewe lilikuwa la chumvi tu, lakini lilinifunza juu ya seli jambo ambalo nilidhani nimekwisha kulijua tangu chuo cha ualimu.

Mchana wa siku ile nilichora seli ubaoni. Niliwaambia wanafunzi kwamba mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gome kwa hadubini, akaona vijumba vilivyopangwa safu safu, akavipa jina lenye asili ya Kilatini, maana yake chumba kidogo. Mfano huo ulikuwa mwepesi kwa watoto wa Kayole, maana wengi wetu tulikaa katika majumba ya ghorofa yenye vyumba vilivyobanana. Nikaeleza kwamba seli ya mnyama huzungukwa na utando. Ndani mna saitoplazimu, na kiini kitunzacho maagizo ya uhai. Seli ya mmea huongeza ukuta nje ya utando. Mwisho nikaeleza osmosisi: maji hupenya utando kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Wakaandika, nikasahihisha, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Nyumbani nilimkuta mwanangu wa miaka miwili akiharisha. Ulikuwa mwaka 2017, na kipindupindu kilikuwa kimeingia Nairobi. Macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia na midomo imekauka. Nikakumbuka dawa ya maji, sukari na chumvi. Nikamimina maji yaliyochemshwa katika jagi, nikatia chumvi kwa kiganja, nikidhani kuwa wingi wa dawa ndio nguvu yake.

Jirani yetu, mwanamke mzee ambaye wapangaji wote walimwita Nyanya, aliingia, akaonja tone moja, akayamwaga maji yote.

“Mwalimu, maji haya yatamkausha mtoto,” alisema. “Onja machozi yako. Chumvi isipite hapo.”

“Nisamehe, Nyanya,” nilijibu kwa aibu.

Akapima lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Tukamnywesha mtoto kidogo kidogo, hata njiani tulipokuwa tukimpeleka zahanati. Alipona.

Baadaye nilifungua vitabu vyangu upya. Chumvi ya mezani ni ndoa ya vitu viwili vikali: sodiamu, ambayo huwaka ikitiwa majini, na klorini, hewa yenye sumu. Vikiungana huwa kiungo cha chakula chetu. Katika utando wa seli za utumbo mdogo mna mlango upitishao sodiamu ikiwa imefuatana na glukosi, ambayo mwili huipata katika sukari. Viwili hivyo vikiingia, maji hufuata. Jambo hilo lilielezwa na Robert Crane mwaka 1960. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis alitumia maji ya sukari na chumvi kuwaokoa wakimbizi wa Bangladesh waliougua kipindupindu huko India. Lakini chumvi ikizidi, maji hutolewa ndani ya seli, nazo husinyaa. Osmosisi niliyoichora mchana nilikaribia kuigeuza silaha juu ya mwanangu usiku.

Penye wazee haliharibiki neno. Nyanya hakulijua jina la osmosisi, lakini aliijua kazi yake. Mimi nililijua jina, kazi yake ikanipita. Sisemi kwamba elimu ya darasani ni bure, kwa kuwa ndiyo iliyonieleza sababu ya kipimo cha Nyanya. Nasema kwamba elimu iliyobaki katika daftari haijafika mwisho wa safari.

Siku hizi nifundishapo seli, huja darasani na maji, sukari, chumvi na kijiko. Nawaambia wanafunzi kwamba pakiti iliyopimwa ya zahanati ni bora zaidi, na ya nyumbani ni ya kumsaidia mgonjwa mpaka afike kwa mganga. Nawe, msomaji, ukikutana na neno gumu kitabuni, usiliache mpaka ujue linafanya kazi gani nyumbani kwenu.