Video inaonyesha vidole, lakini haikusikii



Katika mkutano wa Siku ya Posho iliyopita, mama mmoja alisimama na kuuliza: "Mtoto wangu anashinda na telefone mkononi, anasema anajifunza kinanda. Nimwache ao nimnyang'anye?" Kila mtu alikuwa na jibu lake, na wakati ukaisha. Sisi wamama sita wa Katuba, hapa Lubumbashi, tuliahidi kuandika jibu letu katika ukurasa huu, kwa sababu mwaka huu sisi wenyewe tumejifunza gitare na kuimba kwa njia ya video. Wawili kati yetu ni walimu wenye diploma ya pedagojia, mmoja anashona nguo, wawili wanauza sokoni, na wa sita ni mjane. Mambo yalianzia nyumbani kwake.

Bwana yake alikuwa mpiga gitare wa korali. Alipokufa, gitare ilibaki imetundikwa kwenye msumari miaka miwili, na hakuna aliyeigusa. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, binti yake wa miaka 13 alikuwa anaingia sekondari, na feza ya masomo haikuwapo. Mtu mmoja akaja kuitaka ile gitare kwa bei isiyopita gunia mbili za makala. Dada yetu alikuwa tayari kuitoa. Alituambia: "Gitare isiyo na mpigaji ni kama sufuria isiyo na unga. Inatazamwa tu." Lakini binti alilia usiku kucha, na asubuhi mama yake akaja kwetu na macho mekundu.

Tulimwomba angoje. Zamu ya likelemba tuliisogeza imfikie yeye mbele ya wengine, feza ya masomo ikapatikana. Kisha tukamwambia: sasa tutafute mpigaji. Na mpigaji awe wewe, pamoja na sisi.

Mwalimu wa gitare alipatikana upesi, lakini alitaka alipwe kwa kila somo, naye alikuwa na nafasi jioni peke yake. Wamama, mnajua. Mjane akipokea mwanaume nyumbani kila jioni, hata kama ni kwa mambo ya muziki, majirani hawahesabu nyimbo, wanahesabu saa. Ndiyo sababu tulichagua video. Hatusemi video ni mwalimu bora. Kwetu ilikuwa mlango pekee uliofunguka: inaingia nyumbani bila kuleta maneno, inangoja mpaka bukari imelika na watoto wadogo wamelala, na ukishindwa mara kumi haikasiriki.

Mega zilitusumbua kwanza. Tulipotazama video moja kwa moja, feza ilikwisha kabla ya somo kwisha. Kijana anayechaji telefone za watu kando ya barabara alitusaidia: alizishusha video kumi na kutuwekea kwenye telefone moja, na sisi tukagawiana bila kulipa mega tena. Kwa mwenye kushusha mwenyewe, achague picha ya kiwango kidogo, 240 ao 360. Vidole vitaonekana vya kutosha.

Kisha majina. Yule mwalimu wa video alitaja nyuzi kwa herufi, na sisi tumezoea do, re, mi. Siku mbili zilipita tukibishana. Tunawaandikia hapa ili msibishane: C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol, A ni la, B ni si. Nyuzi sita za gitare, kutoka ule mnene mpaka ule mwembamba, ni mi, la, re, sol, si, mi.

Tena, mwalimu wa video anakuelekea uso kwa uso, kwa hiyo mkono wake wa kushoto unauona upande wako wa kuume. Mama mshonaji alishika gitare kinyume juma zima bila sisi kutambua. Tafuteni zile video ambazo kamera imewekwa begani pa mpigaji, ili mwone vidole kama mnavyoviona vyenu. Na mahali pa kuchagua mwendo wa video, chagueni 0.5 ao 0.75. Itakwenda polepole.

Tulianza na akordi tatu: la, re na mi. Hizo tatu zinatosha kusindikiza nyimbo nyingi za ibada na za kilio. Vidole viliuma mpaka mama wa sokoni akashindwa kuhesabu franka za wateja, lakini ngozi ilikauka na uchungu ukaisha. Baada ya majuma matatu tulikuwa tunabadilisha akordi bila kutazama mkono. Tukajisifu. Tukasema Siku ya Yenga tutapiga mbele ya watu.

Hapo ndipo jirani yetu mzee alipovuka lupango na kiti chake mkononi. Zamani alikuwa mpiga gitare. Aliketi chini ya mwembe, akatuomba tupige, akafumba macho. Tulipomaliza akasema: "Wanangu, nimevumilia majuma matatu. Vidole vyenu viko mahali pake. Uzi wa tano ndio unaowadanganya." Akaomba gitare, akazungusha msumari mmoja kidogo tu, akaturudishia. Tulipiga zile zile akordi tatu. Tulitazamana tukanyamaza.

Majuma matatu uzi wa la ulikuwa umelegea, na sisi sita hatukujua. Tulikuwa tumeulinganisha kwa kufuata sauti ya telefone, na kipaza sauti kidogo cha telefone hakitoi vizuri sauti nene. Masikio yetu yakauzoea ubaya. Na kila jioni yule mwalimu wa video alitutazama akicheka na kutuambia: vizuri sana, endeleeni!

Sisi walimu wawili ndio tulioona haya kuliko wote. Darasani hatumalizi somo kwa kusoma sisi wenyewe. Tunamwita mtoto asome, tunasikia anapokwama, ndipo tunajua kama somo limeingia. Nusu ya kazi ya mwalimu ni kusikiliza. Video inafanya nusu moja tu: inaonyesha. Nusu nyingine haiwezi.

Tulimuuliza yule mzee wao walijifunza namna gani. Akasema: kwa kukaa karibu. Unakaa karibu na anayejua, unatazama, unajaribu, naye anakupiga jicho ukikosea. Akatukumbusha Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuimba kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambako leo ni Likasi, na wimbo wake Masanga ukafika inchi nyingi. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, lakini ukisikiliza unadhani ni watu wawili. Baadaye Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri mpaka huku kwetu akajifunze kwa Mwenda na kwa wapiga gitare wengine wa kizazi hicho. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1982. Fikirini: mtu ana sahani za muziki nyumbani kwake Ulaya, anaweza kuzisikiliza mara mia, na bado anaona lazima aje aketi mbele ya mtu. Na sisi mtu wa namna hiyo alikuwa nyuma ya lupango letu, tukawa tunafunga mlango ili asisikie makosa yetu.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa bado linakuja, na halikuwa la gitare.

Binti wa dada yetu aliona sisi tunajifunza, naye akaanza kuimba kwa njia ya video. Alichagua mwimbaji mmoja mwenye sauti ya juu sana, akamfuata wimbo kwa wimbo, saa nzima kila siku, na redio za majirani zikipiga kelele, kwa hiyo alipaza. Mama yake alifurahi. Mtoto yuko nyumbani, hazururi, anaimba. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mama akadhani ni mafua, akampa tangawizi na asali. Mtoto akaendelea kuimba, kwa sababu video ilisema usiache hata siku moja. Juma la pili, asubuhi moja, alifungua kinywa kusalimia na hakuna kilichotoka.

Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi hakuandika dawa nyingi. Alieleza kwamba ndani ya koo kuna mikunjo miwili midogo inayotetemeka tunaposema ao kuimba. Ukiilazimisha inavimba, kama vile kiganja kinavyovimba kwa mtwangio. Akasema: apumzishe sauti, asipaze, wala asinong'one kwa nguvu, anywe maji mengi, akae mbali na moshi wa mbabula. Na ikiwa sauti haijarudi baada ya majuma matatu, daktari amtazame koo. Siku kumi mtoto alisema na sisi kwa kuandika kwenye daftari. Namna mama yake alivyosali siku hizo, tunaijua sisi tuliolala kwake.

Sauti ilirudi. Siku hiyo dada yetu alituambia neno ambalo tumeomba ruhusa ya kuliandika hapa: "Nilimwona kila siku akiimba. Sikumsikiliza hata mara moja."

Toka hapo tumebadilisha namna yetu. Hatujifunzi tena mtu peke yake. Mmoja anapiga, mwingine anampa mgongo na kusikiliza tu, bila kutazama vidole, kisha anasema ukweli. Tunachukua telefone ile ile, tunajirekodi, tunangoja mpaka kesho, ndipo tunajisikiliza. Mara ya kwanza inauma! Sauti ya mtu mwenyewe ni kitu kigeni. Lakini makosa yanasikika wazi. Kwa kulinganisha nyuzi, tumeweka katika telefone programu ndogo isiyolipiwa: unapiga uzi, mshale unaonyesha kama umelegea ao umekaza. Na kila mwezi tunamwomba yule mzee aje na kiti chake.

Kwa kuimba, tunatafuta kwanza kimo cha sauti yetu. Sauti ya mwanaume kwa kawaida iko chini ya sauti ya mwanamke kwa karibu oktavu moja, yaani kutoka do moja mpaka do inayofuata. Na wanawake pia hatulingani. Ukiona shingo imekaza na kidevu kinapanda, wimbo uko juu kwako; ushushe. Mwenye gitare anaweza kutumia kapo, kile chuma kidogo cha kubana shingo ya gitare: wimbo unapanda kufuata mwimbaji, na akordi zinabaki zile ulizozijua. Kabla ya kuimba tunapasha sauti dakika tano kwa kuvuma midomo ikiwa imefungwa. Kwa mtoto, dakika ishirini zinatosha, na akianza kukwaruza anaacha siku hiyo hiyo, hata kama video inasema nini.

Mwezi uliopita kulikuwa na kilio katika barabara yetu. Zamani tungetafuta mpiga gitare na kumlipa. Safari hii dada yetu alichukua gitare ya bwana yake, akaketi katikati ya wamama. Alikosea mara mbili, tulisikia wote. Katika mstari wa tatu vidole vilichelewa, lakini sisi tuliendelea kuimba, naye akatukuta mbele. Binti yake aliimba sauti ya pili, chini, bila kupaza. Waombolezaji hawakujua kwamba tumejifunza kwa telefone. Walijua tu kwamba wimbo ulisimama mpaka mwisho.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, hili ndilo jibu letu: usimnyang'anye. Lakini usimwache. Vua kitambaa cha kichwa kama kinafunika masikio, keti karibu naye dakika kumi, usimtazame telefone. Msikilize. Si lazima ujue do, re, mi. Utasikia anapochoka, utasikia anapolazimisha sauti, utasikia anaporudia kosa moja kila siku. Mwambie, kisha mtafutie jirani mmoja anayejua zaidi yako. Katika kila barabara ya mji huu yuko.

Gitare ya dada yetu imerudi kwenye msumari wake. Tumeushusha msumari kidogo, mtoto aufikie.

Wenye kutaka kujifunza pamoja nasi, tunakutana kila Siku ya Posho saa tisa, chini ya mwembe. Njooni na telefone yenye chaji. Video tutawapa bure. Na kila anayekuja aje na mwenzake, ili awepo wa kupiga na wa kusikiliza.