Nukta, Hodi na Ridhaa

Nukta ni neno dogo lenye kazi nyingi. Hufunga sentensi. Wazee wa pwani walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kijino kimoja chenye nukta chini kilisomwa *be*, na chenye nukta mbili juu kikasomwa *te*. Aliyezembea nukta alipotosha barua. Leo nukta imehamia kwenye simu, na wanafunzi wangu wengi hapa Kigali huiona kila siku bila kuisoma.

Zile zisizo na uzito tuzipitie haraka. Kwenye simu za Android, nukta iliyo katika pembe ya ikoni ya programu hukuambia kuwa kuna taarifa hujaitazama. Ilianza na toleo la 8, mwaka 2017. Kwenye iPhone, nukta ya buluu kando ya jina la programu huonyesha kuwa imesasishwa karibuni, na ya rangi ya chungwa kuwa programu ingali katika majaribio. Hizo zisikukoseshe usingizi.

Zenye uzito ni zile zinazowaka juu kabisa ya skrini. Kwenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, nukta ya chungwa husema kuwa kinasa sauti kinatumika. Ya kijani, kuwa kamera inatumika. Android ilifuata mwaka 2021 kwa toleo la 12, nayo huonyesha kijani kwa vyote viwili. Ukiiona ilhali hupigi simu wala picha, vuta skrini kutoka juu, kisha uguse alama hiyo: utatajiwa programu iliyo kazini. Simu nyingi za mtumba, zenye matoleo ya zamani, hazina nukta hizi kabisa, na kimya chao si ushahidi wa usalama.

Hapa ndipo neno hodi linapotufaa. Katika nyumba ya Mswahili, mgeni havuki kizingiti mpaka aitikiwe "karibu". Programu nayo hupiga hodi: huomba kamera, kinasa sauti, mahali ulipo, orodha ya majina. Lakini mgeni wa nyumbani huaga akaondoka, ilhali programu iliyoitikiwa mara moja huweza kubaki na ufunguo mfukoni. Kwa hiyo nalipenda sana lile jibu la "mara hii tu", ambalo Android ilituletea mwaka 2020.

Na kuna jambo ambalo nukta hailisemi. Programu inaposoma majina na namba ulizohifadhi, hakuna taa ya kijani inayowaka. Nchini Kenya baadhi ya programu za mikopo zilizichukua namba hizo, na mkopaji alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha ulifika kwa ndugu, marafiki na waajiri. Deni lilikuwa la mtu mmoja. Fedheha ikagawiwa ukoo. Mwaka 2022 zikatoka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu ya Kenya, zikakataza mwenendo huo.

Hapa Rwanda, Kifungu cha 23 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu na ya familia yake. Ipo pia Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria hiyo imejengwa juu ya ridhaa, na aliyeitoa ana haki ya kuiondoa wakati wowote. Litazame neno lenyewe: ridhaa, radhi, kuridhia, kuridhika, yote ni ya shina moja. Mtu aliyebonyeza "ruhusu" pale Nyabugogo huku basi likiondoka, je, ameridhia? Mimi nasema amekubali tu; kuridhia kunahitaji moyo uliotulia.

Zoezi la wiki hii: fungua mipangilio ya simu yako, sehemu ya faragha, uhesabu programu zenye ruhusa ya kinasa sauti. Kwa kila moja andika sentensi kamili yenye maneno "kwa sababu". Ile itakayokushinda kuiandikia sentensi, iondolee ruhusa, kisha uniandikie jina lake.