Sauti ya Nne Iliyopotea

Wiki hii tulikuwa na jozi mbili za visikilizi vya kuingiza masikioni, tukitafuta ya kusikilizia rekodi za mazoezi ya kwaya. Ya kwanza tuliikataa upesi: sauti ya nne haikusikika kabisa. Tulikosea. Tulikuwa tumevaa vipira vidogo vya silikoni, hewa ikapita pembeni, na besi ikavujia hapohapo. Tulipoweka vikubwa, wanaume wote wakarudi. (Sikio letu la kushoto, ajabu, lilitaka vya kati.)

Jozi ya pili ilipendeza kwa dakika kumi. Baada ya nusu saa masikio yaliuma. Hukumu ya dukani haitoshi.

Lililotutia hofu ni jingine. Kabla ya kugundua kosa, tulipandisha sauti ndani ya basi tukiitafuta besi ile, na usiku masikio yakavuma. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikiongezeka desibeli 3 tu, muda huo hupungua kwa nusu. Mvumo ulikoma siku ya pili. Tumebaki na jozi ya kwanza, na sauti tumeishusha hadi tumsikie kondakta akidai nauli.